14 × 13½, 12½ au 12¾? Kuzilinganisha stempu za kale za Denmark kwa meno yake

Weka mezani stempu mbili za Denmark za karne ya 19. Zote zina tarakimu 8 katikati, zote zimechapwa kwa rangi mbili, zote zimegongwa muhuri mweusi. Moja ni ya kijivu na kahawia, ya pili ni ya kijivu na nyekundu. Anayeanza hukimbilia kipimameno, kifaa cha kupimia matundu ya ukingoni mwa stempu, papo hapo, akaanza kuhangaika na matundu. Mimi humwomba akiweke pembeni kwanza, kwa sababu rangi zile zimekwisha kumjibu nusu ya swali. Ya kahawia ni ya skilling 8, ya nyekundu ni ya øre 8. Kati yao sarafu ya nchi nzima ilibadilika, na sarafu ilipobadilika, chaguo la meno nalo lilibadilika.

Nimezipenda stempu hizi kwa miaka mingi, na kila mara naona watu wakikata tamaa mahali pasipo na ugumu. Wanasoma katalogi, wanakuta 14 × 13½, 12½ na 12¾, wanadhani lazima wazitofautishe zote tatu kwa jicho. Si hivyo. Karibu kila mara unachagua kati ya mbili tu, na hizo mbili zimeachana vya kutosha.

Namba zenyewe

Meno ya stempu huhesabiwa kwa urefu wa sentimita 2. Ukiambiwa stempu ni 14, maana yake katika sentimita 2 za ukingo wake yanaingia matundu 14. Zikiwa namba mbili, ya kwanza ni ya ukingo wa juu na wa chini, ya pili ni ya kingo za kushoto na kulia. Kwa hiyo 14 × 13½ ina meno yaliyosongamana zaidi juu na chini kuliko ubavuni. Ikiwa namba moja tu, kingo zote nne zinalingana. Utaratibu huu wa sentimita 2 tunao tangu 1866, alipouleta daktari Mfaransa, Jacques Amable Legrand, na hadi leo hakuna aliyeona haja ya kuubadilisha. Katalogi za Kidenmark huandika kifupi "Tk." kabla ya namba, kutokana na neno lao la meno ya stempu.

Vibogoyo na chale

Stempu za kwanza za Denmark, zilizotoka Aprili 1851, hazina meno kabisa. Ni ile ya kahawia ya Rigsbank-skilling 4 na ya buluu ya Rigsbank-skilling 2, iliyoifuata muda mfupi baadaye. Karani wa posta alizikata kwa mkasi. Vilevile zile za mraba za skilling 2, 4, 8 na 16 zilizotoka kati ya 1854 na 1857, zenye nukta kwenye pembe, na zile za 1858 zenye mistari ya mawimbi kwenye pembe. Hawa ni vibogoyo wote, na thamani yao inakaa kwenye ukubwa wa pambizo: stempu iliyobaki na karatasi nyeupe pande zote nne ni tofauti kabisa na iliyokatwa hadi kwenye picha.

Mwaka 1863 ikaja hatua ya katikati. Stempu ya skilling 4 na ya skilling 16 zilichanjwa badala ya kutobolewa. Kisu chenye meno hupita juu ya karatasi na kuacha mikato mifupi, kama chale, bila kutoa kipande chochote. Kipimo chake ni 11. Ukichana, ukingo unakuwa na vinyuzi na makwaruzo, hauna vile vijiduara vya nusu tunavyovizoea.

Hapa pana chaguo gumu la kweli: skilling 4 ya 1858 isiyo na meno, au ya 1863 yenye chale? Picha ni ileile ya mawimbi. Mtu wa 1863 aliyekuwa na mkasi mkononi angeweza kukata ndani ya chale na kuzifuta zote. Kwa hiyo stempu yenye pambizo jembamba usiipe jina la 1858 wala la 1863 kwa ukingo pekee. Ikiwa na pambizo pana pande zote, ni kibogoyo wa 1858. Ikiwa na vinyuzi hata upande mmoja tu, angalia upande wa pili uone kama kuna mwendo uleule wa mikato. Na ikiwa muhuri una tarehe inayosomeka kabla ya 1863, swali limekwisha.

Fimbo na upanga: 13 au 12½

Mwaka 1864 Denmark ikaanza kutoboa matundu ya kweli. Ni ile stempu nzuri ya taji, fimbo ya enzi na upanga ndani ya duara refu: skilling 2 ya buluu, 3 ya zambarau, 4 nyekundu, 8 ya kahawia ya manjano, 16 ya kijani. Kipimo cha kawaida ni 13. Kufikia 1870 baadhi ya thamani zilitoka kwa 12½.

Nusu jino katika sentimita 2 ni kidogo sana, na hapa ndipo kipimameno kizuri kinapodaiwa. Nafasi ya kukosea ni kubwa kuliko popote pengine katika stempu za Denmark, maana karatasi iliyoloweshwa na kukaushwa hujikunja na kuvutika. Pima kingo zote nne, usipime mmoja. Ikiwa tatu zinasema 12½ na wa nne unasema 13, huo wa nne ndio wa kuuchunguza, huenda umechanwa vibaya.

Rangi mbili: soma sarafu kwanza

Sasa tufike pale ambapo stempu nyingi za wasomaji zinatoka. Mfululizo wa rangi mbili ulianza 1870 kwa skilling. Sheria ya sarafu ya 1873 ikaleta krone na øre, na kuanzia 1 Januari 1875 hesabu za Denmark zikafanywa kwa øre. Rigsdaler moja ilikuwa skilling 96, nayo ikawa krone mbili, yaani øre 200. Skilling moja basi ni kama øre 2.

Posta haikubadilisha sura ya stempu. Ilichukua umbo lilelile na, kwa thamani zilizotumika sana, rangi zilezile, ikabadilisha tarakimu. Skilling 2 ya kijivu na buluu ikawa øre 4 ya kijivu na buluu. Skilling 4 ya kijivu na nyekundu ikawa øre 8 ya rangi hizohizo. Skilling 8 ya kahawia ikawa øre 16 ya kahawia. Nadhani ni ubinadamu mwema: mtu asiyejua kusoma vizuri aliendelea kununua "ile nyekundu" kwa barua yake bila kujali hesabu mpya.

Kwetu sisi hii ni zawadi. Muhuri ukifunika jina la sarafu, tarakimu pamoja na rangi zinatosha. Nane ya kahawia ni skilling, nane nyekundu ni øre. Nne nyekundu ni skilling, nne ya buluu ni øre. Kumi na sita ya kijani ni skilling, kumi na sita ya kahawia ni øre.

Na baada ya kujua sarafu, meno yanakuwa hivi:

| Sarafu | Chaguo la kwanza | Chaguo la pili |
|---|---|---|
| Skilling, tangu 1870 | 14 × 13½ | 12½ |
| Øre, tangu 1875 | 14 × 13½ | 12¾, tangu 1895 |

Angalia kwamba 12½ na 12¾ hazikutani kamwe katika mstari mmoja. Robo ya jino, ile inayowatoa watu jasho, huna haja ya kuipima. Ikiwa stempu ni ya skilling na meno si 14 × 13½, basi ni 12½. Ikiwa ni ya øre na meno si 14 × 13½, basi ni 12¾. Kati ya 14 na 12½ kuna jino moja na nusu katika sentimita 2; kati ya 14 na 12¾ kuna jino moja na robo. Hilo unaliona hata kwa miwani ya kawaida.

Thamani nyingine zinajibu zenyewe. Øre 5 na øre 20 za rangi mbili zilitoka 1879 na nafasi yao ikachukuliwa 1882, kwa hiyo hazikufika wakati wa 12¾. Kinyume chake, øre 3, 4, 8, 12, 16, 25, 50 na 100 zinapatikana kwa vipimo vyote viwili, na hizo ndizo za kupima moja moja.

Muhuri nao husaidia. Denmark ilitumia muhuri wa namba ndani ya miduara kuanzia 1852 hadi 1884, kila posta na namba yake, Copenhagen ikiwa na namba 1. Stempu ya øre iliyogongwa muhuri wa namba karibu kila mara itakuwa 14 × 13½. Muhuri wa tarehe unaosomeka 1888 au 1891 unafunga mlango wa 12¾ moja kwa moja.

Nembo ya simba: kanuni ileile

Stempu za nembo ya simba na mioyo zilianza 1882 kwa øre 5 ya kijani na øre 20 ya buluu, kisha øre 10 nyekundu mwaka 1885. Mwanzoni tarakimu za pembeni zilikuwa ndogo; kuanzia 1884 zikafanywa kubwa. Zenye tarakimu ndogo ni 14 × 13½ tu. Zenye tarakimu kubwa zipo kwa 14 × 13½ na, tangu 1895, kwa 12¾. Øre 24 ya kahawia ya 1901 ilizaliwa wakati wa 12¾, kwa hiyo ikikupa 14 kipimameno chako kina kasoro.

Mstari au chanuo

Kuna njia nyingine ya kutofautisha ambayo haihitaji kuhesabu, nami naithamini kuliko hesabu. Ni kutazama pembe.

Mashine ya mstari hutoboa safu moja ndefu ya matundu kwa wakati mmoja. Karatasi nzima hutobolewa upande mmoja, kisha hugeuzwa na kutobolewa upande wa pili. Mistari hiyo inapokatana pembeni mwa stempu, matundu hukutana yanavyopenda: mara mawili yameungana na kuwa tundu kubwa, mara jino la pembe ni nene kuliko mengine, mara ni jembamba kama mwiba. Tena stempu hazilingani ukubwa, kwa kuwa fundi alisogeza karatasi kwa mkono.

Mashine ya chanuo hutoboa pande tatu za safu nzima ya stempu kwa pigo moja, sindano zake zimepangwa kama chanuo la nywele. Kila pembe inafanana na nyingine, na stempu zinakuwa na ukubwa mmoja.

Vipimo vya 14 × 13½ na 12¾ ni vya chanuo. Kipimo cha 12½ ni cha mstari. Kwa hiyo stempu ya skilling yenye pembe zilizovurugika na meno mapana ni 12½, na yenye pembe nadhifu ni 14 × 13½. Mara nyingi nimejua jibu kabla sijagusa kipimo, na kipimo kimekuja kunithibitishia tu.

Kipimameno kipi?

Kadi yenye safu za nukta ni ya bei nafuu na inatosha kwa rangi mbili na kwa nembo. Unasogeza stempu kutoka safu hadi safu mpaka kila nukta nyeusi ijaze tundu moja, mwanzo hadi mwisho. Udhaifu wake ni kwamba huruka kwa nusu au robo, na karatasi ikishika unyevu kadi nayo huvimba.

Plastiki angavu yenye mistari inayokaribiana taratibu ni bora kwa stempu za fimbo na upanga, kwa sababu unateleza hadi penye kulingana na kusoma namba hapo, bila kuruka. Pia unaweza kuiweka juu ya stempu iliyobandikwa kwenye bahasha bila kuichomoa. Ukiwa na fedha za kununua kimoja tu, nunua hiki.

Rula ya kawaida iache. Ukingo wa stempu hizi hauzidi sana sentimita 2, na ukihesabu tundu la mwisho vibaya umekosea jino zima, yaani umekosea jibu lote.

Lakini kuna kifaa cha nne ambacho hakiuzwi dukani: stempu unayoijua. Chukua øre 10 nyekundu ya nembo iliyo 14 × 13½ bila shaka na nyingine iliyo 12¾ bila shaka. Zote ni za bei ndogo. Ukipata stempu yenye utata, iweke ukingo kwa ukingo na ile ya kwanza, juu kwa juu. Meno yakiingiana toka mwanzo hadi mwisho, umepata. Yakianza pamoja na kuishia yameachana kwa jino zima, ijaribu na ya pili. Macho hulinganisha vizuri kuliko yanavyohesabu.

Ukiwa na stempu mbili za aina moja usiyoijua, weka ukingo wa juu wa moja karibu na ubavu wa nyingine. Ikiwa ni 12¾, meno yatakwenda sambamba. Ikiwa ni 14 × 13½, mwishoni yatakuwa yamepishana kwa nusu jino.

Kwa waliokulia kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika hili si geni. Ule mfululizo wa Mfalme George wa Sita ulioanza 1938 una stempu yenye jahazi katika Ziwa Victoria, picha ileile, ambayo hutofautishwa kwa meno: 13¼ au 13 × 11¾. Mimi nilijifunzia hapo, na mkono uliozoea jahazi lile ulipata urahisi ulipofika Copenhagen.

Katalogi zinapogombana

Jambo moja huwachanganya wanunuzi sana. Katalogi ya Kidenmark ya AFA huandika 12¾. Katalogi ya Kimarekani ya Scott huandika 13 kwa stempu ileile ya 1895 na kuendelea. Hazisemi stempu mbili tofauti. Moja imeandika robo, nyingine imekadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Tatizo ni kwamba stempu za fimbo na upanga za 1864 nazo ni 13, na mtu akiweka namba hizo pamoja atadhani ni mashine moja iliyodumu miaka 30. Niliwahi kununua kwa posta bahasha ya stempu za øre zilizoandikwa "13, adimu", kwa bei ya stempu adimu. Zilikuwa 12¾ za kawaida. Tangu hapo nikiona 13 kwenye tangazo naangalia kwanza ni stempu gani, na muuzaji anatumia katalogi ya nani.

Binamu wa Iceland na Karibi

Ukishaijua Denmark umepata na jirani zake. Stempu za kwanza za Iceland, za 1873, zilichapwa Copenhagen, nazo zina skilling za 14 × 13½ na za 12½. Zilizofuata kwa sarafu mpya, tangu 1876, zina 14 × 13½ na mwishoni mwa karne 12¾. Kanuni ya "soma sarafu kwanza" inafanya kazi bila kubadilishwa neno.

Katika visiwa vya Denmark vya Karibi, vilivyouzwa kwa Marekani 1917, sarafu ilikuwa senti wakati wote wa stempu za rangi mbili, kwa hiyo huko sarafu haikupi jibu. Badala yake angalia umbo. Zile za mraba za rangi moja ni vibogoyo mwanzoni, kisha 12½ mwaka 1872 na 1873. Zile za rangi mbili ni 14 × 13½ mwanzoni, kisha 12¾ kuanzia 1896. Mraba na rangi mbili huwezi kuzichanganya hata gizani.

Mapengo na meno ya bandia

Jino moja fupi si msiba. Pembe iliyokosa jino inashusha bei zaidi, kwa kuwa pembe ndiyo shahidi wa mstari au chanuo. Jihadhari na stempu ambayo upande mmoja una meno yaliyonyooka mno, meupe, makali, wakati pande nyingine tatu zimechoka kwa umri. Huo umetobolewa upya. Linganisha upana wa stempu hiyo na nyingine ya aina hiyo: aliyetoboa upya lazima amekata karatasi kidogo, na stempu itakuwa nyembamba kuliko ndugu zake. Kwa stempu za chanuo, ambazo zilitoka zikiwa na ukubwa mmoja, jaribio hili ni la kuaminika sana. Kwa 12½ za mstari halina nguvu hiyo, maana zenyewe hazilingani.

Kwa vibogoyo hatari ni ya upande wa pili: stempu yenye meno au chale iliyopunguzwa kwa wembe ili ionekane ya zamani zaidi. Dawa yake ni pambizo. Usilipe bei ya kibogoyo kwa stempu isiyo na pambizo pana kuliko ambalo stempu yenye meno ingeweza kuacha.

Uanze na zipi?

Kama unachagua mahali pa kuingilia, usianze na 1851, hata kama moyo unakuvuta huko. Huko hakuna meno ya kusoma, na bei ya kosa ni kubwa. Wala usianze na fimbo na upanga, kwa sababu ya ile nusu jino.

Anza na øre 4 na øre 8 za rangi mbili. Ni nyingi, ni za bei ndogo kwa vipimo vyote viwili, na zinakufundisha chanuo, muhuri na tofauti ya 14 na 12¾ kwa pamoja. Ukitaka kitu chepesi zaidi, ipo stempu ya mistari ya mawimbi aliyoichora Julius Therchilsen, iliyoanza 1905: mwanzoni ni 12¾, na kuanzia 1913 ni 14 × 14½. Hapo jicho linazoea kuona namba ya ubavuni ikizidi ya juu, kinyume cha 14 × 13½.

Baada ya stempu kama 50 hivi, nenda kwenye skilling 4 ya kijivu na nyekundu. Tafuta moja yenye pembe zilizovurugika, iweke karibu na ile yenye pembe nadhifu, ukingo wa juu kwa ukingo wa juu, na uhesabu meno mpaka yaachane.